Mafuta Juu ya Zulia la Mwenyeji Wetu



Tafakari ya juma hili inaanzia sakafuni, juu ya zulia la mama mmoja wa Makangale, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Sisi tuliokuwako tuliahidiana kwamba habari hii tungeisimulia wenyewe kabla haijasimuliwa na wengine, na leo tunaitimiza ahadi hiyo. Tulimwaga mafuta ya kupikia katika nyumba ya watu, kisha tukayaficha. Kumwaga kulikuwa ajali. Kuficha hakukuwa ajali.

Kwa wale ambao hawajafika huko, Makangale iko katika Wilaya ya Micheweni, kwenye rasi ya Kigomasha. Ukitoka Wete unapita Konde, kisha barabara inazama katika msitu wa Ngezi, mahali ambapo miti mirefu hukutana juu ya kichwa cha msafiri na jua la mchana hugeuka kuwa kama jioni. Humo mnaishi popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana penginepo duniani. Msitu ukiisha unaona tena minazi na mashamba, na bahari iko pande zote mbili: Vumawimbi upande wa mashariki, Verani upande wa magharibi. Wenyeji karibu wote ni Waislamu. Wakatoliki ni wachache, wengi wao walimu na wafanyakazi wa hoteli waliotoka bara, nasi tulikwenda kuwatembelea Jumamosi moja ya mwezi Januari, tulale kwao, na Jumapili tusali pamoja na kula pamoja.

Mwalimu mmoja kati yao amepanga chumba katika nyumba ya mama mtu mzima ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, nasi tukamwita hivyo hivyo. Chumba cha mwalimu hakikututosha sote. Bi Mkubwa alipoona tunataka kulala barazani, alikataa kabisa. Alitufungulia ukumbi wake, akatandika zulia ambalo hata jirani zake walikuwa hawajalikanyaga. Lilikuwa zulia la futi tisa kwa kumi na mbili, rangi ya maziwa, lenye maua ya rangi ya damu ya mzee. Mwanawe anayefanya kazi Maskati alilituma kwa ajili ya harusi ya dada yake, binti wa mwisho wa nyumba ile, na harusi ilikuwa imebakiza majuma matatu. Tulimwambia kwamba mkeka ungetutosha. Akatujibu kwamba mgeni halazwi juu ya mkeka ilhali zulia limekunjwa.

Sisi tulikuwa tumebeba mchele, vitunguu na dumu la lita 20 la mafuta ya kupikia. Kifuniko cha dumu kilipotea njiani, tukaziba mdomo wake kwa kipande cha nailoni na kamba. Usiku tuliliweka ndani ya ukumbi, karibu na ukuta, kwa kuogopa paka wa uani. Ilipoadhiniwa alfajiri, wa kwanza wetu aliyeamka alikanyaga utelezi. Dumu lilikuwa limelala ubavu, na kiasi cha lita tano kilikuwa kimekwisha kuingia katika zulia.

Hapo ndipo tulipofanya makosa matatu, moja baada ya jingine, na katika muda usiozidi nusu saa.

Kwanza, tulisugua. Tulichukua kanga kuukuu tukasugua kwa nguvu zote, kila mmoja kwa upande wake. Doa lililokuwa na ukubwa wa sinia likawa na ukubwa wa meza. Pili, tulichemsha birika la maji, tukatia sabuni ya unga, tukamwaga juu yake. Mafuta yalikwenda chini zaidi, na povu likabaki juu likituzomea. Tatu, tulipoona kumekucha na sauti za watu zinasikika uani, tuliutandaza mkeka wetu juu ya doa lote, tukaukalia.

Tunasema "sisi" kwa makusudi. Wengi wenu mtapenda kujua ni nani aliyelisukuma dumu usingizini, na ni nani aliyetoa shauri la mkeka. Hatutasema, maana hata aliyekuwa hajatia mkono alikalia mkeka ule pamoja na wenzake.

Bi Mkubwa alikuja na chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Tukamwamkia, naye akatuitikia "Marahaba, wanangu," akaketi kizingitini na kutuuliza kama tumelala vizuri. Tukamwambia tumelala vizuri. Tukala mihogo yake na kusifu chai yake, nasi tumekalia aibu yetu. Hatujapata kula chakula kizito kama kile.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tuliumbuliwa na gauni. Dada mmoja wetu alipoinuka kupeleka vikombe uani, nyuma ya gauni lake kulikuwa na doa pana linalong'aa. Mkeka wa ukindu una matundu, na mafuta yalikuwa yamepanda kupitia humo bila kutuomba ruhusa. Bi Mkubwa aliliangalia gauni, akauangalia mkeka, akaufunua kwa mkono wake mwenyewe.

"Wanangu, haya mafuta yamemwagika tangu lini?"

"Tangu alfajiri, Bi Mkubwa."

"Na haya maji?"

Hatukujibu.

"Mafuta si neno. Dumu halina macho. Lakini mbona mmeniwekea mkeka juu yake? Mngeniita ningali kwenye msala, saa hizi tungekuwa tumekwisha kuyatoa nusu."

Hakupandisha sauti, wala hakutaja harusi. Alisimama, akafunga kanga yake kiunoni, akatuambia, "Haya, inukeni tufanye kazi." Ibada tuliyopanga kuisali asubuhi tuliisali baada ya adhuhuri. Katika Injili ya Mathayo, sura ya tano, Bwana anatuagiza kuiacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu yetu. Tumeyasoma maneno hayo mara nyingi tukiyafikiria magomvi makubwa. Siku ile tuliyaelewa tukiwa na vijiko mikononi.

Maana kazi ilianza kwa vijiko. Kabla hujapaka kitu chochote, mafuta yaliyo juu ya zulia huchotwa: kijiko, ukingo wa sahani au kipande cha gamba gumu hupitishwa taratibu kutoka ukingoni mwa doa kuelekea katikati. Anayetoka katikati kwenda nje analitanua doa kwa mkono wake. Kisha huwekwa vitambaa vikavu vyeupe na kugandamizwa kwa kiganja au kwa goti, bila kusugua. Kitambaa kikilowa hubadilishwa. Vitambaa viwe vyeupe, kwa sababu vya rangi huweza kuchujia rangi yao juu ya zulia. Tulimaliza matambara yote ya nyumba ile, na fulana mbili za kwetu.

Baada ya hapo ilipasa kutia unga, lakini hatukuweza, kwa sababu ya maji yetu. Unga juu ya mafuta huyanyonya. Unga juu ya maji hugeuka gundi, na gundi ikikauka katika nyuzi za zulia hung'ang'ania kuliko mafuta yenyewe. Ikabidi kwanza kulikausha. Tulilitoa uani, tukalilaza juu ya vitanda vya kamba chini ya mwembe, ili upepo upite juu na chini. Kaskazi ilikuwa inavuma vizuri, namshukuru Mungu nasi sote twamshukuru. Hata hivyo nusu siku ilipotea kwa kosa la birika moja. Walio na haraka hupenda maji ya moto kwa kuwa huonekana kama kazi inafanyika. Ukweli ni kwamba joto huyafanya mafuta kuwa mepesi zaidi, na mafuta mepesi hushuka haraka zaidi hadi mgongoni mwa zulia.

Alasiri, Bi Mkubwa alitoa pishi mbili za unga wa muhogo. Tulijaribu kumzuia, maana ule ulikuwa chakula cha nyumba. Akasema unga hununuliwa. Tuliumwaga juu ya doa hadi ukawa na kimo cha kidole, tukaugandamiza taratibu, tukauacha hadi asubuhi. Asubuhi unga ulikuwa umebadilika rangi na kushikamana kama mchanga uliolowa. Tukauondoa kwa ufagio wa chelewa, tukaweka mwingine, tukasubiri tena. Wawili wetu walibaki Makangale hadi Jumanne kwa kazi hiyo tu. Mara ya tatu unga ulitoka mkavu karibu kama ulivyoingia, na hapo ndipo unapojua kwamba umekwisha kunyonya kinachoweza kunyonywa. Kazi hiyo huweza kufanywa pia na wanga wa mahindi, poda ya watoto, au udongo laini mkavu uliosagwa; tangu zamani sana mafundi wa kufua sufu walitumia udongo wa namna hiyo kutoa shahamu. Jambo moja lisisahauliwe: unga wote lazima utoke. Ukibaki huita sisimizi, na ukipata unyevu huota ukungu.

Sabuni ilikuja mwisho, wala si ya unga bali sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kijiko kimoja kidogo katika bakuli la maji ya uvuguvugu, kikapigwa hadi kutoa povu. Povu tu ndilo likawekwa kwenye doa kwa sponji, kutoka ukingoni kwenda katikati, na kugandamizwa kwa kitambaa. Kisha kitambaa chenye maji safi, kisha kitambaa kikavu, na kurudia hivyo mara nyingi. Sabuni nayo isiachwe ndani, kwani mabaki yake hushika vumbi, na baada ya mwezi mmoja utaona doa jeusi palipokuwa peupe.

Ndugu mmoja wa parokia yetu, ambaye kazi yake ni kufua mazulia, alitufafanulia baadaye yale ambayo Bi Mkubwa aliyajua kwa mazoea. Sabuni, alituambia, ina ncha mbili: moja hushikana na mafuta na nyingine hushikana na maji, na hivyo huyaunganisha mawili yasiyopatana hadi yatoke pamoja. Mazulia mengi ya bei nafuu hufumwa kwa nyuzi za polipropilini, ambazo asili yake ni mafuta ya petroli. Nyuzi hizo hazinywi maji, lakini mafuta huzipenda kama jamaa, ndiyo maana hayatoki kwa urahisi. Zulia la sufu lina shida nyingine: magadi na sabuni kali huidhuru sufu. Asiyejua zulia lake ni la namna gani achomoe uzi mmoja kwa nyuma, auchome mbali na nyumba. Ukinuka kama nywele zilizoungua ni sufu. Ukiyeyuka na kuwa tone gumu ni nyuzi za kiwandani.

Alitueleza pia habari ya mafuta yenyewe. Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo mengi madukani mwetu, huganda kunapokuwa na baridi. Ninyi mlioko Njombe au Lushoto mnaweza kuyakuta yameganda asubuhi ya Julai, na hapo kuyakwangua kabla hayajayeyuka ni njia bora kuliko zote. Pemba hayatoi nafasi hiyo. Alituonya vikali juu ya mafuta ya taa na petroli, ambavyo baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kuvitaja asubuhi ile. Ni kweli huyeyusha mafuta, lakini huweza kuharibu gundi inayoshika mgongo wa zulia, harufu yake hukaa, na cheche moja ya jiko inatosha kuchoma nyumba. Tuwe na doa kuliko kuwa na msiba.

Tulidhani tumemaliza. Baada ya majuma mawili, yaani juma moja kabla ya harusi, mwalimu alitupigia simu kwamba kivuli kimerudi. Si kwamba mtu alimwaga tena. Mafuta yaliyokuwa yamejificha mgongoni mwa zulia yalikuwa yamepanda taratibu kupitia nyuzi zilezile yaliposhukia. Zaidi ya hayo, sakafu ya simenti nayo ilikuwa imekunywa mafuta yetu, nasi hatukuwa tumeisafisha, hivyo kila zulia lilipotandikwa lilinyonyeshwa upya. Tukarudi Makangale na mfuko wa unga, wa zulia na wa kulipa deni la pishi mbili. Safari ile tulilipindua zulia, tukatia unga upande wa chini, tukatia unga na sabuni sakafuni pia, tukasubiri siku mbili.

Wapendwa, kuna jambo katika kurudi kwa kivuli kile ambalo limetukalia moyoni. Tumezoea methali isemayo kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na mara nyingi tunaitumia kama ruhusa ya kuacha: limekwisha kutokea, tufanyeje? Mafuta yametufundisha vingine. Yakimwagika huzoleka, ila si yote, na si kwa siku moja, na kamwe hayazoleki na mtu aliyeyakalia. Kila dakika tuliyokaa juu ya mkeka ule tukinywa chai, yalikuwa yanashuka. Lile nusu saa la kusugua na kuficha ndilo lililotugharimu majuma matatu. Kama tungemwita mama yule alfajiri, angetupa kijiko na unga, na huenda habari ingeishia hapo.

Wengi wetu tunajua kuomba radhi kwa Mungu, ambaye hatumwoni, kuliko kwa mwenye zulia, ambaye yuko uani anatuchemshia mihogo. Tunapenda msamaha usiohitaji kufunua mkeka. Lakini mwenye nyumba ndiye aliyejua unga uko wapi.

Lililokuwa gumu kuliko kufua lilikuwa simu. Jioni ya Jumapili ile ya kwanza Bi Mkubwa alimpigia mwanawe Maskati, akamweleza yote, kisha akatupa simu tuseme wenyewe. Tulisema kwa maneno yaliyokatikakatika kwamba tumemwaga mafuta juu ya zulia la harusi, kwamba tulilificha doa, na kwamba tuko tayari kununua jingine. Kulikuwa na kimya kirefu. Kisha akauliza kama mafuta yaliyobaki yalitosha kupikia pilau. Tukamwambia yalitosha. Akasema, "Basi kuleni, na msimwache mama anyanyue zulia peke yake, mgongo unamuuma." Hakusema tusinunue jingine, wala hakusema tununue. Alitaka tu mama yake asinyanyue kitu kizito.

Harusi ilifanyika siku yake. Kina mama wetu walialikwa, wakaketi juu ya zulia lile pamoja na wanawake wa mtaa. Wanasema anayejua pa kuangalia bado anaona kivuli karibu na ukuta, mahali ambapo ua moja limekoza kidogo kuliko wenzake. Bi Mkubwa hakuweka kabati juu yake, wala kiti. Mgeni akiuliza, humwambia kwamba hapo walilala watu wa kanisa.

Tulipomuuliza kama tungekaribishwa tena, alituambia tuje, ila dumu lilale uani na paka alindwe na aliyelileta. Tumepanga kwenda baada ya masika, Mungu akipenda, na safari hii tumekwisha kununua kifuniko.

Tunawatakieni nyote Dominika njema.